Masega Usiyaguse, Mdogo Wangu

Msyuuu! Nimesonya, na leo nitasonya mpaka meno yakauke. Haya, sogezeni viti, wenye drafti waiache kwanza, kuna jambo.

Dogo wetu wa nyumba ya geti jeusi kanunua gari. Tena hakubahatisha: Crown Athlete, V6 ya lita 2.5, namba E, imeshuka melini hivi karibuni na vibandiko vya Kijapani bado vimeganda kwenye kioo. Kalipa bei ya gari, kalipa meli, kalipa ushuru, na kwa kuwa gari ina umri wake kalipia na uchakavu. Hapa kijiweni hakuna aliyemwonea kijicho. Mzee wa kahawa kamjazia kikombe bila kudai hela, mama wa vitumbua kamwombea dua gari iwe ya heri. Tukajua furaha imetimia. Wapi! Jana jioni dogo kaja na hoja mpya: "Braza, nataka nibadilishe ekzosi. Nang'oa mafla za nyuma, napiga bomba la spoti, na fundi kasema masega nayo tuyatoe ili gari ipumue. Mnaonaje?"

Kijiwe kikapasuka pande mbili. Vijana wa boda wakashangilia, "Mwache mnyama alie!" Mwalimu mstaafu akavua miwani akaanza kuifuta, na sisi tunaomjua tukafahamu kuwa hajafurahi. Mimi nikasonya. Lakini kusonya peke yake si hoja, na huyu kijana kauliza kwa adabu, hivyo anastahili jibu lililokaa sawa. Na jibu hili si lake peke yake, maana mtaa huu sasa kila mwenye Crown, Mark X au Benzi ya mtumba anapigiwa ngoma ileile na mafundi walewale.

Tuanze na gari yenyewe. Toyota walianza kuunda Crown mwaka 1955. Huko kwao Japani ni gari ya mkurugenzi na ofisa wa serikali, imekuwa teksi ya heshima, na polisi wao wameiendesha miaka nenda miaka rudi. Anayekaa kiti cha nyuma cha Crown anataka aongee na simu kwa sauti ya chini na bado asikike. Kwa hiyo wahandisi wamehangaika na kelele tangu enzi hizo: wakaziba milango kwa mipira minene, wakatandika vizuia sauti chini ya zulia, wakaikalisha injini juu ya maunti laini, na kule chini wakapanga ekzosi ya kuimaliza sauti hatua kwa hatua.

Na hatua zenyewe ni hizi. Moshi ukitoka kwenye injini unapita kwenye manifoldi, unaingia kwenye masega, unapita kwenye resoneta, unamalizia kwenye mafla, ndipo unatoka nje. V6 ina pande mbili, kila upande silinda tatu, ndiyo maana masega yako pande zote mbili. Ndani ya mafla ya kiwandani kuna vyumba na vijibomba. Mawimbi ya sauti yanaingia, yanagonga kuta, yanarudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe mpaka yanauana. Elimu hiyo ni ya siku nyingi: ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha kunyamazisha injini mwaka 1897. Zaidi ya miaka 120 ya akili za watu, halafu aje mtu na grenda akate vyote kabla chai haijapoa? Msyuuu!

Mdogo wangu, hela uliyolipa kwenye Crown, sehemu yake kubwa umelipia ukimya. Taa za kuvutia zipo kwenye magari mengi. Viti vya ngozi vipo hata kwenye magari ya bei ya chini. Lakini gari inayoamka asubuhi na mwenye nyumba ya pili asijue kama imewashwa, hiyo ndiyo anasa yenyewe. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Sasa tumsikilize fundi, maana alikuwepo na hatuzungumzi ya mtu nyuma ya mgongo wake. Fundi wetu wa kuchomelea kasema hivi: "Ekzosi ya kiwandani inabana moshi. Ukiifungua, moshi unatoka haraka na farasi wanaongezeka." Vijana wakaitikia, naam.

Fundi, nakuheshimu, na katika maneno yako kuna ukweli. Ekzosi iliyobana kupita kiasi inaikaba injini. Kwenye gari za mashindano, ambako injini imefumuliwa na kontrol boksi imepangwa upya, bomba pana lina kazi. Lakini injini ya dogo ni 4GR-FSE ya kiwandani, haijaguswa. Toyota waliitangaza kwa nguvu za farasi 215, na nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika. Tuseme bomba lako limemwongezea farasi 5. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 2, kwenye gari yenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, tena kule juu kwenye 6,400. Nani anafika mizunguko 6,400 kwenye foleni ya Mwenge? Nani anafika huko akitoka Sinza kwenda kazini?

Kuna na hasara ambayo hukuitaja. Ukimwagilia bustani kwa mpira mpana, maji yanatoka mengi lakini yanaanguka miguuni. Ukibana mdomo yanaruka hadi kwenye mchicha wa mwisho. Moshi nao unataka mwendo. Bomba likiwa pana kuliko mahitaji ya injini, mwendo wa moshi unapungua, na ule mvuto wa moshi uliotangulia kuusaidia unaofuata kutoka kwenye silinda unalegea. Matokeo yake gari inakuwa nzito kwenye mizunguko ya chini, palepale unapotaka kuondoka kwenye taa au kupanda kilima na abiria wanne. Dereva anakanyaga zaidi, petroli inaondoka zaidi.

"Lakini braza, waliobadilisha wanasema gari inakwenda!" Anasema hivyo kijana wa boda. Aka! Sikio linaidanganya akili. Gari ikipiga kelele kubwa zaidi, dereva anaamini inakimbia zaidi. Chukua saa, pima muda wa kutoka sifuri hadi 100 kabla ya kubadilisha, pima na baada ya kubadilisha, mahali salama palepale, mafuta yaleyale, abiria walewale. Saa haina shabiki.

Na kama dogo anatafuta farasi kweli, nitamwonyesha walikopotelea. Injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa mpango huo petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo haizioshi, na kaboni inaganda juu yake mwaka hadi mwaka. Gari imetembea Japani, imekuja huku, na hakuna anayejua mara ya mwisho valvu zilisafishwa lini. Safisha valvu. Badilisha plagi, weka zinazotakiwa. Kagua koili. Badilisha chujio la hewa. Badilisha oili ya injini na ya giaboksi. Hapo gari itavuta na utaisikia mwilini, na jirani hatajua kama umefanya kitu.

Nimekuja sasa kwenye masega, na hapa ndipo ninaposimama wima. Mafla tunaweza kubishana mpaka usiku. Masega hayana mjadala.

Wengi wanadhani masega ni kikwazo walichoweka Wajapani kwa ajili ya sheria za kwao, huku kwetu hakina maana. Ala! Masega ni kiwanda kidogo. Moshi mbichi wa injini umebeba kaboni monoksidi, umebeba petroli ambayo haikuungua, umebeba oksaidi za naitrojeni. Ndani ya masega kuna vitundu vidogo vingi vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Masega yakishapata moto wa nyuzi mia mbili na hamsini, mia tatu hivi, sumu zile zinageuzwa: kaboni monoksidi inakuwa kaboni dioksidi, petroli iliyobaki inakuwa maji na kaboni dioksidi, oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida ambayo tunaivuta kila siku. Kazi hiyo inafanyika kila sekunde injini inapowaka, na mwenye gari halipi senti.

Wamarekani walianza kuyafunga kwenye magari yao mengi ya mwaka 1975. Na ili masega yaishi, ilibidi petroli iachane na risasi, kwa sababu risasi inayaua. Afrika yetu ya kusini mwa Sahara iliiaga petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wamekulia kwenye hewa isiyo na sumu hiyo. Tulipigania hewa safi, tukashinda hatua moja, halafu leo sisi wenyewe tunapeleka gari kwa fundi atutolee chombo cha hatua inayofuata, na tunamlipa? Msyuuu! Moshi wa Crown isiyo na masega unatoka kwa urefu wa pua ya mtoto aliyeshikwa mkono akivuka barabara kwenda shule. Unamfikia mama wa vitumbua anayekaa hapa tangu alfajiri. Unamfikia kijana wa boda anayeshangilia, maana yeye ndiye anayekaa nyuma ya bomba lako kwenye foleni.

Nikamuuliza fundi, kwa upole kabisa, "Masega ukishayatoa, unampa nani?" Fundi akatazama pembeni. Jamani, wanunuzi wa masega wapo mjini, na hawayanunui kwa sababu wanapenda vyuma chakavu. Rodiamu peke yake, mwaka 2021, bei yake katika soko la dunia ilipita dola 20,000 kwa wakia moja, mara kadhaa zaidi ya dhahabu. Bei hiyo imeshuka baadaye, lakini mali iliyomo bado ni mali. Mafundi waaminifu wapo wengi, na huyu wetu amenitengenezea mageti mawili sina lalamiko. Ila mwenye gari ajue: akiambiwa "nitakutolea masega bure", basi amekwishalipa. Kalipa kwa platinamu, paladiamu na rodiamu yake mwenyewe.

Halafu gari yenyewe haikubali kimya kimya. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada ya masega, kwa kila upande. Ya kwanza inaisaidia kontrol boksi kupima petroli na hewa. Ya pili inachungulia kama masega yanafanya kazi. Ukiyatoa, ya pili inaona moshi mbichi, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Ukipima na mashine unakuta P0420 kwa upande mmoja na P0430 kwa upande wa pili. Hapo fundi anakuja na dawa ya pili: anaisogeza sensa nje ya njia ya moshi kwa kipande cha chuma ili aidanganye, au anaizima taa kabisa. Sasa umekuwa na gari ya anasa isiyoweza kukuambia ukweli. Siku silinda ikianza kukosa moto, siku mchanganyiko wa petroli ukiharibika, taa iliyozimwa haitakuonya. Utajua umekwama Chalinze usiku, na familia imo ndani.

"Na kama masega yameziba kweli?" Hilo kauliza mwalimu, na ni swali la haki. Yanaziba, ndiyo. Gari inakuwa nzito, haipandi mizunguko, chini kunakuwa na joto kali, mafuta yanakwisha haraka. Lakini hilo lisiaminiwe kwa maneno. Fundi anaweza kufungua sensa ya mbele, akafunga geji ya presha mahali pake, akawasha injini na kusoma kama moshi umebanwa. Kazi ya muda mfupi. Na yakithibitika kuwa yameziba, uliza yamezibwa na nini. Masega hayajizibi. Yanazibwa na plagi mbovu zinazoacha petroli ikaungulie ndani yake, na injini inayokula oili, na mafuta machafu. Tunakumbuka enzi za petroli kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa, mpaka EWURA, wadhibiti wa mafuta, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Tibu chanzo kwanza, kisha weka masega mengine mazima. Ukiyatoa na kuacha chanzo, umemzika mgonjwa mmoja ukamwacha mwenye ugonjwa wa kuambukiza chumbani.

Kuna jambo jingine la hatari, na hili nalisema taratibu ili kila mtu alisikie. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu. Kiungo cha ekzosi kilichochomelewa ovyo, chini ya sakafu ya gari, kinaweza kuvujisha moshi ukapanda ndani. Umefunga vioo, AC inafanya kazi, watoto wamelala kiti cha nyuma. Kichwa kinauma, usingizi mzito unakushika, na hujui kwa nini. Gesi hii inaua. Ekzosi ya kiwandani imeungwa kwa gasketi na boliti kwa vipimo. Ukikata na kuunga upya, kila mshono ni mlango mpya. Kabla hujaondoka gereji, injini iwashwe ikiwa baridi, kila mshono ukaguliwe kwa mkono wa mtu anayejua, aweke povu la sabuni aone kama linachemka. Na fundi asichomelee umeme kabla ya kufungua waya za betri, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuingia kwenye kontrol boksi na kuiua.

Mzee wa kahawa, ambaye hajawahi kumiliki gari lakini amepanda magari mengi kuliko sisi sote, akaleta lake: "Mimi nauliza safari. Hiyo sauti mtavumilia mpaka Dodoma?" Mzee kagonga palepale. Injini ya silinda sita, kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, inapiga mara 100 kila sekunde. Mizunguko hiyo ndiyo ya kawaida kwa Crown ikiwa imetulia barabara kuu. Mlio wa chini namna hiyo hauzuiliwi na kioo wala zulia. Unapita kwenye bodi, unakaa kifuani na kichwani. Resoneta ya kiwandani iliwekwa mahususi kuumeza. Ukiiondoa, unabaki na ngurumo isiyopanda wala kushuka kwa zaidi ya kilomita 400. Ukifika Gairo mke ameshanyamaza, mtoto analia, na wewe umepandisha redio mpaka mwisho. Wapo walioweka mabomba hayo Dar kwa shangwe na wakayarudisha ya zamani kwa siri baada ya safari moja ya Krismasi kwenda Moshi. Bahati yao walikuwa wameyatunza ya zamani.

Sasa nije kwa sisi tunaobaki mtaani. Dogo kasema, "Lakini braza, gari yangu, hela yangu." Kweli, gari yako. Hela yako. Usingizi wetu, je?

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ina mtego. Ikipanda desibeli 10, sikio linasikia kelele karibu mara mbili. Na kila umbali ukizidishwa mara mbili inapungua desibeli 6 tu. Maana yake bomba linaloonekana la kawaida mchana, katikati ya honi na bajaji na matangazo ya spika, linakuwa jambo jingine saa tisa usiku mtaa umelala. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake kwa nchi za Ulaya wa mwaka 2018, linashauri wastani wa kelele za magari usiku usizidi desibeli 45, kwa sababu zinazozidi hapo zinavuruga usingizi. Wakasema pia kuwa kelele za barabarani zinahusiana na maradhi ya moyo. Mtaani kwetu kuna mzee wa presha. Kuna binti aliyejifungua juzi. Kuna muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kulala mchana. Wote hawa hawakuulizwa kama mnyama alie.

Na ile mbwembwe ya bomba kupiga "pa! pa! pa!" ukiachia mafuta, mnaijua. Hiyo ni petroli inayoungulia kwenye ekzosi badala ya silinda. Inapika masega, inapika valvu, inapika hela. Usiku inawafanya watu walale chini wakidhani ni risasi. Nani anafurahi hapo?

Wapenzi wa magari hunitajia Japani: "Mbona Wajapani wenyewe wanafunga mabomba ya spoti?" Wanafunga, ndiyo. HKS wapo tangu mwaka 1973, Fujitsubo nao wana jina. Lakini huko gari hupelekwa kwenye ukaguzi wanaouita shaken: mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Kipimo kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, na kwa gari ndogo yenye injini mbele, kama Crown ya dogo, kikomo ni desibeli 96. Magari yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 2010 yakifungwa mafla ya dukani, mafla hiyo lazima iwe imethibitishwa. Bila masega hupiti. Kwa hiyo yule Mjapani tunayemwiga ana bomba la spoti lenye adabu. Sisi tunachukua bomba, tunaiacha adabu bandarini.

Na hapa kwetu si kwamba hakuna sheria. Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na trafiki akikusimamisha elfu 30 zako zinaondoka kwa kosa moja, kesho tena, keshokutwa tena. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na baraza la mazingira, NEMC, wamekwishaonyesha kuwa kelele ni kosa: mwaka 2023 baa na kumbi za starehe zilifungiwa hapahapa Dar. Bima nayo inataka kujua gari imebadilishwa nini. Ukificha, siku ya ajali utaanza mjadala usioutaka.

Nilipofika hapo dogo alikuwa ameinamisha kichwa, na sikutaka aondoke amevunjika moyo. Sauti ya V6 ni tamu, sikatai. Mtu anayependa gari yake ana haki ya kuifurahia. Kwa hiyo nikampa masharti, na ninayaweka hapa kwa kila mwenye hamu kama yake.

Masega yabaki, yote. Resoneta ibaki. Kinachobadilishwa kiwe mafla za nyuma peke yake, zifungwe kwa boliti mahali pa zile za kiwandani bila kukata kitu, na zile za kiwandani zifungwe kwenye gunia safi zikae stoo. Nunua bomba lililotengenezwa kwa ajili ya gari yako, lenye kona zilizopindwa bila kubonyea ndani. Usidanganywe na nembo: Akrapovič ni kampuni ya Slovenia inayotengeneza ekzosi za bei, na nembo yake ya kubandika inauzwa vibandani kwa bei ya soda mbili. Nenda na sumaku. Chuma cha pua cha daraja la 304 kwa kawaida hakishikwi na sumaku, au kinashikwa kidogo sana. Chuma cha kawaida kinanata, na kwa chumvi ya hewa ya pwani yetu, Dar, Tanga, Unguja, kitakula kutu mapema. Safari fupi fupi nazo huacha maji ndani ya mafla, hayakauki, kutu inaanzia ndani kabla hujaiona nje. Uliza pia kama ndani kuna sufi ya kumeza sauti, maana sufi hiyo huungua na kupeperuka pole pole, na bomba lililokuwa la heshima mwezi wa kwanza linakuwa balaa baadaye. Kama uwezo upo, tafuta lenye vali, ulifunge mtaani na kulifungua barabarani. Pima urefu kutoka chini, kwa sababu matuta yetu hayana huruma na bomba linaloning'inia. Mwisho, washa gari usiku mbele ya nyumba yako, mke wako akae chumbani, jirani naye chumbani kwake. Mmoja wao akisema hapana, bomba lirudi dukani.

Dogo akauliza, "Na nikiweza yote hayo braza, wewe ungefanya?"

Nisingefanya. Kwa Crown, kwa Mark X ya kistaarabu, kwa Benzi na kila gari iliyojengwa itulie, hela ile ningeipeleka kwenye plagi, kwenye valvu, kwenye bushi na shokapu, kwenye tairi nne nzuri na breki. Mtu atakayepanda gari yako atakumbuka ilivyokanyaga shimo bila kumshtua na ilivyosimama pale mtoto alipokatiza. Na siku ya kuiuza, mnunuzi mwenye akili atalala chini aangalie ekzosi. Akikuta mishono ya grenda na masega hayapo, atajiuliza mangapi mengine yamekatwa, na bei itashuka mbele ya macho yako.

Hukumu ya kijiwe, kwa kura za wote isipokuwa boda mmoja, ni hii: mafla za kiwandani zikae, masega yasiguswe na mtu. Wewe unayesoma, kama gari yako iko gereji sasa hivi na fundi ameshika grenda, mpigie simu mwambie asubiri. Masega yakishatoka na kuuzwa, kuyapata mengine mazima kutakugharimu zaidi ya bomba lote la spoti ulilotaka kununua.